Sabuni ya Maksai wa Kushoto

Mke wangu akitoka asubuhi kwenda kufundisha, mimi hubaki nyumbani, na jambo hilo halijawahi kunisumbua hata siku moja. Linasumbua watu wengine. Hapa mtaani kwetu Kawajense mwanaume akionekana uani kwake saa nne asubuhi, kavaa kandambili na aproni, anaulizwa kama anaumwa. Nimeshajibu mara nyingi kwamba siumwi, napenda tu kwangu. Nina kuku, nina bustani ya mchicha ambayo kuku wanaipenda kuliko ninavyoipenda mimi, na nina sabuni.

Sabuni nilifundishwa kwa siku mbili kwenye semina pale ofisi ya kata, nikapewa cheti. Nimekitundika sebuleni karibu na cheti changu cha kidato cha nne, kwa sababu kile cha kidato cha nne, ukikisoma kwa makini kwenye mstari wa Kemia, kinahitaji mwenzake wa kukitetea.

Anayenichokoza kuliko wote ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Familia yao ni Wasukuma, walikuja na ng'ombe kutoka kaskazini mke wangu akiwa bado mtoto wa kubebwa, wakaweka maskani kijijini, upande wa Mamba. Shemeji akija mjini na pikipiki yake lazima apite kwetu. Anavuta stuli, anakaa, ananitazama nikikoroga, halafu ananiuliza kwa upole kabisa kama wiki hii nimeshasukwa nywele. Kwa mtu mwenye ng'ombe mia na kitu, mwanaume anayehesabu vipande vya sabuni ni burudani ya bure.

Na kusema kweli sabuni zangu za miaka ile zilimpa silaha. Zilikuwa na kasoro mbili, na mtaa mzima uliziona. Kwanza zilikuwa laini. Ukikishika kipande kwa nguvu kinabaki na alama za vidole, na ukikisahau kwenye beseni kinageuka uji. Pili, zilikuwa na jicho.

Hilo jicho inabidi nilieleze. Sabuni ninayotengeneza haipikwi motoni. Unayeyusha mafuta. Pembeni, nje kwenye hewa, unamimina kostiki kwenye maji, zile chembe nyeupe zinazounguza ukizigusa, na maji yanachemka yenyewe bila jiko. Unasubiri vyote viwili virudi kwenye uvuguvugu, unachanganya, unakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa kumlisha mtoto, unamimina kwenye sanduku la mbao. Yanayobaki sabuni inajifanyia yenyewe humo ndani. Inapata joto lake. Katikati inaanza kung'aa kama mafuta ya mgando ya kupaka, na joto likifika hadi kwenye kona, sabuni yote inapita kwenye mng'ao huo na kupoa ikiwa na rangi moja. Lisipofika, ukikata unakuta duara lenye rangi iliyokolea katikati na ukingo mweupe kuzunguka. Hilo ndilo jicho. Sabuni yenyewe inasafisha kama kawaida. Ila jirani yangu mmoja, mama mstaarabu wa kwaya, alinirudishia kipande akisema hawezi kuoga huku anaangaliwa.

Maji ndiyo yanayoamua mengi. Yakizidi, sabuni inaingia kwenye mng'ao kirahisi hata kwa joto dogo, lakini inakaa miezi haijakauka na ikikauka inajikunja kama ngozi ya mbuzi. Yakipungua, inakuwa ngumu mapema, lakini inadai joto kali zaidi ndipo ing'ae. Hayo yote nilikuwa nayajua kwa kichwa. Mkono wangu ndio uliokuwa haujui. Mkono wangu umelelewa kwenye ugali: kitu kikiwa kigumu, ongeza maji, kikiwa laini, ongeza unga. Nilikuwa napima maji kwa uangalifu wote, halafu mchanganyiko ukianza kuwa mzito, mkono unaenda wenyewe kwenye kikombe.

Basi mwezi wa tano baba mkwe akafariki. Alikuwa mzee wa siku nyingi, aliumwa siku chache tu, akaenda. Kwenye msiba wakachinja maksai mmoja, na hakuwa maksai wa hivihivi. Marehemu alikuwa na jozi ya kulimia, na huyu ndiye aliyekuwa anafungwa kushoto. Misimu minane alivuta plau. Mwenzake wa kulia alikuwa ameshakufa mwaka mmoja kabla, na wa kushoto alikataa kabisa kufungwa na mwingine, akawa wa kula majani na kumfuata mzee kila anakokwenda. Watu walisema bora waende pamoja.

Nyama iliisha, msiba huwa na watu. Wiki mbili baadaye shemeji akaja na pikipiki, nyuma kafunga ndoo yenye mfuniko kwa kamba za mpira. Safari hii hakuuliza kuhusu kusukwa. Aliishusha ndoo taratibu, akaiweka mbele ya miguu yangu. Ndani kulikuwa na mafuta ya yule maksai, yameyeyushwa, yamechujwa, meupe, yameganda. Ujumbe ulitoka kwa mama mkwe. Alikuwa amesema kwamba nyama imeliwa na kila aliyepita njiani, hata wasiomjua mzee, lakini mafuta anayataka kwa watu wa mzee mwenyewe. Nitengeneze sabuni. Siku ya kumaliza msiba, mwezi wa tisa baada ya mavuno, kila mtoto na kila mjukuu apate kipande chake, anawe nacho, aondoke nacho kwake. Watoto na wajukuu jumla ni arobaini na mmoja. Wakwe hatuhesabiwi.

Nilimuuliza shemeji kwa nini mimi, wakati mama hajawahi hata kuoga na sabuni yangu. Alisema hajui, na kwamba yeye mwenyewe alipendekeza wanunue miche ya sabuni dukani, akafokewa.

"Shemeji," aliniambia akiwasha pikipiki, "huyu ng'ombe alilima miaka minane hajamwangusha mzee. Asije akaangukia kwako."

Nilibaki na ndoo. Nilipoyapima yalikuwa kilo sita. Mafuta mengine ya maksai yule hayakuwepo duniani.

Mimi ni mwoga wa mambo mengi lakini nikishaamua kitu nyumbani kwangu ninakuwa king'ang'anizi kupita kiasi, muulize mke wangu habari za banda la kuku. Niliamua sabuni ile itakuwa ngumu, na haitakuwa na jicho. Nikanunua mafuta ya ng'ombe wengine kwa wachinjaji sokoni, ya kujaribia, nikachukua daftari. Nilimwagiza mtu wa Kapalamsenga, kule ziwani, chupa za mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa ya mchikichi, kwa sababu mafuta ya ng'ombe peke yake yana povu la uvivu. Nikajaribu mara tano kwenye makopo ya siagi. Mara zote tano zilitoka safi: nyeupe pe, rangi moja, hakuna jicho. Nilimwonyesha mke wangu. Akasema labda Kemia walinionea.

Kwa hekima yangu nikayagawa mafuta ya maksai nusu kwa nusu, ili nikikosea nisikosee yote. Hiyo ndiyo hekima pekee niliyokuwa nayo mwezi ule. Nikatengeneza nusu ya kwanza kwenye sanduku kubwa. Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi zetu ni za baridi, nikaliweka sanduku kwenye sakafu ya sementi stoo, nikalifunika juu kwa blanketi. Na nilipokuwa nakoroga, mchanganyiko ulivyoanza kuwa mzito, mkono ukaenda kwenye kikombe. Kikombe kimoja tu. Nilikiona kikimwagika kama vile kinamwagwa na mtu mwingine.

Kesho yake nikakata. Kipande cha kwanza kilinitazama. Cha pili kikanitazama. Ishirini na nne, vyote na jicho, na vyote laini kama mkate wa asubuhi.

Nilikaa kwenye gunia la mpunga nikafikiria mpaka nikaelewa ujinga wangu ulipo. Kopo la siagi ni dogo, halina joto la kutosha hata kuanza, ndiyo maana zilitoka nyeupe zote. Sanduku kubwa lina moyo. Moyo wake uliwaka, na sementi ikanyonya joto la chini na la pembeni, blanketi likifunika juu kama kofia kwa mtu asiye na suruali. Nilijaribu kwenye kopo, nikatenda kwenye sanduku. Sikumwambia shemeji. Nilizifunika zile sabuni kwa khanga ya mke wangu, nikafunga mlango wa stoo.

Sasa, wiki iliyofuata mama mkwe akaja mjini kupima presha, akafikia kwetu.

Msomaji asiyejua desturi za kwao aelewe hivi. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Siyo ugomvi, ni heshima. Nimeoa miaka kumi na sita na uso wa mama mkwe wangu naujua kwa picha ya harusi tu, ambako naye kaangalia pembeni. Kwa mtu wa kushinda nyumbani kama mimi, mgeni wa namna hiyo ni mtihani. Nilihamia uani. Nilipita mlango wa jikoni, na kila nikitaka kukatiza korido nilikohoa kwanza ili asogee. Nilikohoa siku tatu mfululizo mpaka yule mama wa kwaya akaniletea tangawizi.

Alikuwa amekuja na zawadi: gunia dogo la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na ndoo ya mayai yaliyozikwa kwenye pumba za mpunga yasivunjike njiani. Michembe huwekwa wapi? Stoo. Siku ya pili mchana, mimi niko uani nanyonyoa kuku, nikamsikia anafungua mlango wa stoo mwenyewe. Kisha akaja kukaa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, na mke wangu ambaye alikuwa ndiyo karudi shuleni.

Wakiwa wawili huwa wanaongea Kisukuma, ambacho mimi nimeambulia wabeja, yaani asante, na maneno mengine machache. Alipoanza kwa Kiswahili, nilijua maneno ni yangu.

"Mwambie mwenzako," alisema, "hivi viazi vyake vimeiva moyo tu. Pembeni ni vibichi."

Mke wangu akamwambia kwamba mwenzake anasema ni baridi.

"Baridi ni ya watu wote. Mwambie achague. Ama aivishe yote, ama asiivishe kabisa. Nusunusu ndiyo inayomwaibisha." Nikasikia stuli ikisogea. "Na haya maji nani alimtuma? Mimi michembe nikiiweka gunia na maji yake, mwezi wa nane nakuta uvundo. Kitu cha kukaa, maji yake ni yale ya kukikatia tu."

Kuku alikuwa mkononi mwangu, nikaona aibu hata mbele yake. Nilimwita mke wangu, nikamnong'oneza amwambie mama kwamba nina mpango: zile ishirini na nne nitazikwangua, nitazipika upya na maji kidogo, zitakuwa rangi moja. Mke wangu hakuwa na haja ya kurudia, mama alikuwa na masikio.

"Mwambie asiziguse hizo. Akiongeza maji tena, huu msiba hatutaumaliza."

Nikasikia mke wangu anacheka kwa kujibana. Na ninaapa nilisikia na mwingine.

Mama alipoondoka, mayai yalibaki kwenye ndoo yake. Asubuhi moja ya baridi kali, saa kumi na mbili hivi, niliingiza mkono kwenye zile pumba kuchukua mayai ya chai. Juu zilikuwa baridi kama bati. Chini, mayai yalikuwa na uvuguvugu. Ndoo ilikuwa imekaa juani siku nzima iliyotangulia, na lile jua lilikuwa bado limo. Nilikaa nimechuchumaa, mkono umezama mpaka kiwiko, na mke wangu akaniuliza kutoka jikoni kama nataga.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako pumba zimerundikwa kama vichuguu na wanashukuru ukizichukua. Nikarudi na magunia mawili. Nikatengeneza sanduku kubwa la kuwekea sanduku la sabuni, pumba chini kiganja kizima, pumba pande zote nne, na gunia la pumba la kufunika juu. Nikaliweka juu ya mbao, mbali na sementi.

Na safari hii sikujaribu kwenye kopo. Nilijaribu kwenye sanduku lenyewe, kwa mafuta ya sokoni, kilo zilezile. Maji nilikuwa nikiweka mara mbili na nusu ya uzito wa kostiki, bila kuhesabu vikombe vya wizi. Nikashuka mpaka chini kidogo ya mara mbili. Jaribio la kwanza niliyamimina mafuta yakiwa ya moto, na pumba zikashika joto kwa bidii zote, sabuni ikafura ikapasuka mgongo kama mkate uliozidishwa hamira. Nikaandika kwenye daftari. La pili nikaacha mafuta yapoe mpaka niweze kuegemeza kiganja ubavuni mwa sufuria na kuhesabu hadi kumi bila kukiondoa. Likatoka zuri. Sikuliamini. Nikarudia la tatu, likatoka vilevile. Wakati huo nyumba ilikuwa na sabuni za kutosha kuogesha tarafa, na majirani waliokuwa wanacheka wakawa wanagawiwa na kunyamaza.

Ndipo nikaleta nusu ya pili ya maksai.

Shemeji alikuwepo. Alikuja kuona, nadhani alitumwa. Kabla sijaanza nilipima maji mara moja kwenye mizani ya jikoni, halafu nikachukua ndoo ya maji yaliyobaki na kikombe chake nikavipeleka kwa jirani. Shemeji akaniuliza jirani ana shida ya maji? Nikamwambia hapana, mimi ndiye mwenye shida.

Tulikoroga saa tatu asubuhi. Maji yakiwa kidogo mchanganyiko hukimbia: dakika chache tu ukaanza kushika mwiko. Nikahisi mkono wangu wa kulia unaangaza macho. Shemeji akajongeza stuli.

"Shemeji, inakuwa nzito hiyo. Ongeza maji."

"Siongezi."

"Itakushinda kumimina."

"Inishinde."

Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu aliyeona mbuzi anakataa kamba. Nikamimina. Haikutiririka, ilidondoka mafungu kwa mafungu, ikabidi niinue sanduku na kuligonga chini mara nyingi ili ijipange. Nikaliingiza kwenye pumba, nikafunika, nikakaa juu ya mikono yangu mwenyewe. Kufungua mfuniko ili kuchungulia ndiyo dhambi yangu ya miaka yote. Ukifungua unatoa joto. Siku ile sikufungua. Saa nane mchana nilipenyeza mkono pembeni, kupitia pumba, taratibu, mpaka vidole vikagusa kona ya sanduku la ndani. Kona ile ile ambayo siku zote hubaki baridi.

Ilikuwa ya moto. Nilimshika shemeji mkono nikauingiza na wake. Alikaa hivyo, kofia kaivua, halafu akasema ni kama ubavu wa ng'ombe aliyetoka kulima.

Keshokutwa yake nilikata. Vipande ishirini na nne, rangi ya maziwa yaliyokaa jikoni, kutoka ukingo hadi ukingo. Niliviangalia vyote, kimoja kimoja, na hakuna kilichoniangalia.

Kazi iliyobaki ilikuwa kukausha, na hapo nilifuata michembe. Nikafunga kichanja cha matete kivulini, upande upepo unakopita, nikavipanga visigusane, vile vya jicho juu na visivyo na jicho chini, nikawa navigeuza kila asubuhi baada ya kuwapa kuku chakula. Kila Jumamosi nilipima vipande viwili vilevile. Uzito ukawa unashuka: sana, kisha kidogo, kisha kidogo mno. Mwezi wa nane ukaisha. Vile vya jicho vilinyauka na kuinama kidogo pembeni, maji ya kikombe kile yalikuwa yanaondoka tone moja moja kama wageni wa harusi. Kabla ya safari zilipita Jumamosi mbili mizani ikisema namba ileile kwa vya chini. Vya juu vilichelewa, lakini navyo vikakubali kuwa vigumu.

Mwezi wa tisa tulikwenda Mamba. Niliibeba sabuni mapajani njia nzima, kwenye boksi, nikamkataza kondakta asiiweke juu. Nyumbani kwa marehemu watu walikuwa wamejaa, watoto wa mzee wote, wajukuu mpaka wale wa kunyonya. Mke wangu akalipeleka boksi kwa mama. Mimi nikasimama kando ya zizi na wakwe wenzangu, mahali petu, nikiangalia chini kama inavyotakiwa, na kwa pembe ya jicho naona kila kitu.

Nilikuwa nimezifunga mbali mbali, nzima juu, za jicho chini, nikiwa na wazo kwamba mama akianza kugawa zile nzima, watu watashiba macho kabla hawajafika kwenye aibu. Mama alilifungua boksi, akatoa zote, akazipanga kwenye ungo. Akachukua moja ya jicho. Ya kwanza kabisa. Akaigeuza, akaikandamiza kwa kidole gumba kwenye ukingo, halafu katikati, kama anavyokandamiza kipande cha mchembe kabla ya kukiruhusu kiingie gunia. Akachukua na nzima, akaikandamiza vilevile. Kisha akaita beseni na maji.

Alinawa na ile ya jicho, mbele ya watu wote. Povu likaja. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Halafu akaanza kugawa: nzima kwa wajukuu, zikaisha; za jicho kwa watoto wake wakubwa na wale wajukuu wenye ndevu. Shemeji alipopewa yake, akaiinua juu, akaitazama, akasema kwa sauti ya kusikika zizini kwamba yeye ndiye aliyebeba ndoo na yeye ndiye anapewa inayomtolea macho. Watu wakacheka. Mama akamjibu kwamba huyo maksai alimjua tangu akiwa mvivu wa kuamka, acha amwangalie.

Waligawiwa wote arobaini na mmoja, na kwenye ungo vikabaki vipande saba. Mama alisimama na ule ungo. Alikuja upande wetu wa zizi, akasimama hatua kama kumi, uso kautazamisha kwenye uwanja mtupu ambako jozi ile ilikuwa inafungwa, nami nikautazamisha wangu kwenye kwato za ndama. Mke wangu alikuwa katikati yetu, tayari kupokea neno na kulivusha.

"Zimekauka," mama alisema.

Hakusema "mwambie". Mke wangu alifungua mdomo avushe, akakuta hakuna la kuvusha, neno limeshafika. Akanigeukia mimi, kachanganyikiwa, ungo umeshawekwa chini kati yetu na mama ameshaanza kurudi kwa watu wake.

Lazima mmoja wetu ashike desturi.

"Mwambie mama," nilimwambia mke wangu, "wabeja."